Afadhali Mpiga Debe

Nataka kumtetea mpiga debe. Najua si mtu anayetetewa mara nyingi. Ukishuka Stendi Kuu ya Nanenane hapa Dodoma na begi moja na usingizi wa safari, atakuvuta mkono, atakuita "anko" au "dada mrembo" kabla hajakuuliza unakwenda wapi, na atakuapia kwamba gari la Singida linaondoka sasa hivi wakati dereva bado anakunywa supu. Ana kelele, ana uongo, na anakera. Lakini kuna jambo moja ambalo hajawahi kumficha abiria: analipwa. Kila mtu pale stendi anajua kwamba kila kichwa anachopandisha kina hela yake. Ukimsikia akiapa, unajua kiapo hicho ukipime vipi. Unatoa nusu, unachungulia mwenyewe ndani ya basi, kisha unaamua.

Mnadi wa Jumamosi kwenye mnada wa Msalato naye ni hivyohivyo. Anasifia shati la mtumba kana kwamba limeshonwa jana, na waliomzunguka wanacheka kwa sababu mchezo wanaujua. Dalali wa vyumba anakuambia mtaa huu maji hayakatiki kabisa. Wewe unajua anasubiri kodi yake ya mwezi mmoja, kwa hiyo unasogea kwa mpangaji unayemkuta anafua na kumuuliza yeye. Hawa wote wanaishi kwa maneno ya kulipwa. Mji umewazoea na umejifunza namna ya kuwasikiliza.

Sasa fungua simu yako. Kuna ukurasa wa habari za mji unaoufuata. Asubuhi umeandika kwamba maji yatakatika Chang'ombe na Area C. Saa nne umeweka picha ya mtoto aliyepotea Nkuhungu, na chini yake watu wameandika "amina" na "nimesambaza". Saa saba mchana mwenye ukurasa anaandika: "Jamani, jana nilikwama hela ya ada ya mdogo wangu, nikajaribu hii programu, dakika tano tu mzigo umeingia. Nimeona nisiwanyime." Hakuna popote palipoandikwa kwamba maneno hayo yamenunuliwa. Yamekuja kwa sauti ileile na mkono uleule uliokuwa unamtafuta mtoto asubuhi.

Madai yangu ni mafupi. Neno lililolipiwa liseme kwamba limelipiwa. Kampuni ina haki ya kununua nafasi ya tangazo, na kijana mwenye ukurasa ana haki ya kuuza nafasi hiyo. Wasichokuwa na haki nacho ni kuichukua imani ambayo mji mzima umeijenga, kuiuza, halafu kuificha risiti.

Nasema mji mzima kwa sababu Dodoma ina sababu zake za kutegemea kurasa hizi. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Wilaya ya Dodoma Mjini. Ile ya 2022 ikakuta watu 765,179. Kati ya sensa hizo mbili, Julai 2016, Rais John Magufuli alitangaza kwamba serikali inahamia huku kwa kweli, jambo lililokuwa kwenye makaratasi tangu 1973, na tarehe 26 Aprili 2018 Dodoma ikawa jiji. Chuo Kikuu cha Dodoma, kilichoanzishwa 2007, nacho kinamwaga vijana wapya kila mwaka. Maana yake ni kwamba karibu kila kona ya jiji hili kuna mtu ambaye hakuzaliwa hapa na hajui fundi bomba yupi ni mwaminifu. Hana shangazi wa kumuuliza wala hajui majirani wa zamani. Shangazi yake ni ukurasa wa Instagram.

Kurasa hizo zimeifanya kazi ya shangazi vizuri, na mimi ni shahidi. Mwaka wangu wa kwanza wa shahada ya uzamili, kitambulisho changu cha NIDA kilidondoka kwenye daladala ya kwenda Ng'ong'ona. Siku ya tatu kilikuwa mkononi mwangu, kwa sababu kondakta alikipeleka kwa mwenye ukurasa mmoja, akakipiga picha na kukiweka mtandaoni baada ya kuziba namba. Hakuniomba hata soda. Ukiuliza watu wa Dodoma utapata hadithi nyingi za aina hiyo: damu iliyopatikana hospitali, jirani aliyechangiwa msiba, mbuzi aliyerudi kwa mwenyewe. Huo ndio mtaji wa kurasa hizi. Mtaji huo umechangwa na kondakta, na mama aliyesambaza picha ya mtoto asiye wake, na mimi niliyeandika "asante" chini ya picha. Mwenye ukurasa ni mtunza hazina wa kitu ambacho si chake peke yake.

Si kwamba zamani hapakuwa na matangazo. Radio Tanzania ilisoma matangazo ya vifo na matangazo ya biashara, na msikilizaji aliambiwa wazi kwamba sasa ni wakati wa matangazo. Magazeti yaliyaweka ndani ya kisanduku. Blogu za Kiswahili zilipokuja katikati ya miaka ya 2000, Ndesanjo Macha akiwa na Jikomboe, na Issa Michuzi, mpigapicha wa Daily News, akifungua yake Septemba 2005 alipokuwa Helsinki, zilijenga ukaribu na wasomaji kwa picha za harusi, misiba, mikutano na Watanzania wa ughaibuni. Biashara ilipobisha hodi kwenye blogu, ilipewa nafasi pembeni, ikiwa na rangi zake na nembo yake. Hata duka la mtaani lililopakwa rangi ya kampuni ya simu kuanzia msingi mpaka bati halimdanganyi mtu. Unaingia kununua chumvi ukijua fika nani amelipia ile rangi.

Kisha ikaja 2018. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka huo zilimtaka mwenye blogu alipe shilingi 100,000 za maombi, shilingi 1,000,000 za leseni, na 1,000,000 nyingine kila mwaka. Juni mwaka huo hata JamiiForums ilizimwa kwa muda. Kanuni zile zilikuja kubadilishwa, lakini kuna funzo lilibaki. Blogu ndogo ziliona ni nafuu kufunga na kuhamia kwenye kurasa za Instagram, Facebook na magrupu ya WhatsApp, ambako hakuna pembeni. Kwenye skrini ya simu kila kitu kinapita katikati: msiba, bei ya mahindi Kibaigwa, na mkopo wa dakika tano. Tangazo halikuwa tena na kona yake, likavaa nguo za habari. Na mwenye kublogu alisikia swali moja likiulizwa kwa sauti kubwa: una leseni? Swali la pili, nani amekulipa useme hivi, halijawahi kuulizwa kwa sauti hiyo.

Kampuni zenyewe zinajua zinachonunua. Nasoma masomo ya masoko, kwa hiyo naweza kuwaonyesha mahali tunapokitoa. Mwaka 1955 Elihu Katz na Paul Lazarsfeld walichapisha kitabu chao kuhusu ushawishi wa mtu kwa mtu. Walionyesha kwamba ujumbe wa redio na magazeti mara nyingi haumfikii mtu moja kwa moja. Unapitia kwanza kwa mtu anayeaminika hapo alipo, jirani au rafiki, kisha huyo ndiye anayewashawishi wenzake. Mwaka uliofuata Donald Horton na Richard Wohl wakaeleza jinsi mtazamaji anavyojenga urafiki wa upande mmoja na mtangazaji asiyemjua, mpaka akahisi ni mtu wa nyumbani. Watafiti hawa walikuwa wanaeleza hali. Darasani kwetu, miaka sabini baadaye, zile kurasa zinafundishwa kama mapishi. Tafuta anayeaminika mtaani. Mlipe. Mwambie aongee kama kawaida yake. Slaidi inasema "kujenga ukaribu na mteja", na sote tunaandika kwenye daftari.

Nina rafiki tuliyesoma naye shahada ya kwanza. Yeye hakuendelea na shule. Ana ukurasa wa mji wenye wafuasi wa kutosha kumlipia kodi ya chumba na bando. Jina lake nitaliacha. Siku moja tulikaa kwenye kibanda cha chipsi pale Makulu, akanionyesha ujumbe kutoka kwa wakala wa kampuni fulani. Ulikuwa na maelekezo saba. La kwanza lilikuwa bei ya bidhaa. La nne nililisoma mara mbili: asitumie neno tangazo wala nembo ya kampuni, aandike kama stori yake binafsi, "kama unapiga story na washkaji".

"Ukiandika tangazo wanakulipa?" nikamuuliza.

"Wanalipa, ila kidogo. Ukiandika kama wewe, wanaongeza."

"Wanaongeza kwa kitu gani sasa?"

Akacheka. "Dada yangu, unataka niseme? Kwa sababu watu wataamini."

Jibu hilo linamaliza ubishi mwingi. Wakitetea biashara hii, watu huniambia kwamba Watanzania si wajinga, kila mtu anajua posti kama hizo ni za kulipwa. Kama kila mtu anajua, kwa nini kampuni iongeze hela ili lisiandikwe? Hakuna mfanyabiashara anayelipia kuficha kitu ambacho hakimfichi mtu. Tofauti ya bei kati ya posti yenye neno "tangazo" na posti isiyo nalo ndiyo bei ya udanganyifu, na inalipwa kwa M-Pesa kama malipo mengine yoyote.

Na gharama yake inaangukia mahali. Mama yangu mdogo anauza nyanya na mchicha katika soko la Majengo. Ana simu ya kioo aliyonunuliwa na binti yake, na anafuata kurasa mbili tu: moja ya mahubiri na moja ya habari za mji. Hiyo ya habari aliipenda kwa sababu ndiyo iliyomwambia siku soko lilipobadilisha utaratibu wa ushuru. Siku ilipomwambia kuna mkopo wa haraka usio na dhamana, hakuwa na sababu ya kuitilia shaka. Aliomba shilingi 60,000. Zikaingia 45,000, nyingine zikaitwa ada. Baada ya siku saba alitakiwa kurudisha 78,000.

Wanaoijua mikopo ya kausha damu wanajua kilichofuata. Programu ile, wakati wa kujisajili, ilikuwa imeomba ruhusa ya kusoma majina yote kwenye simu yake. Siku ya tisa ujumbe ukaanza kwenda kwa watu: kwa mimi, kwa fundi cherehani wake, kwa mchungaji, na kwa mwenyekiti wa kikoba chake. Ulimwita kwa majina yake matatu na kumwambia kila mpokeaji kwamba huyu ni tapeli, amkumbushe.

Hela tulichanga, deni likaisha. Kilichoshindikana ni kikoba. Kikoba kinaendeshwa kwa kujuana; wanawake ishirini wanakaa kwenye mkeka na kumkopesha mwenzao kwa sababu wanamjua uso na neno lake. Hakuna aliyemfukuza mama mdogo. Yeye mwenyewe aliacha kwenda. Aliniambia, "Mwanangu, wakinitazama nakiona kile kimeseji machoni mwao." Hivyo imani ya kuazima ya ukurasa wa mtandaoni ikaharibu imani ya kweli ya watu waliojuana miaka kumi na moja. Mpwa wake mmoja alipouliza chini ya posti ile kama mwenye ukurasa aliwahi kweli kukopa huko, maoni yake yalifutwa. Jioni ukurasa ulikuwa unaomba dua kwa majeruhi wa ajali ya bodaboda.

Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yanakopesha mtandaoni bila leseni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 nayo inatambua kwamba majina yaliyo kwenye simu yako si mali ya kuchezewa na mkopeshaji. Hatua hizo ni nzuri na nazishukuru. Ila zinamshika aliyekopesha. Aliyemleta mteja mlangoni kwa kumshika mkono anabaki na wafuasi wake wote.

Kampuni zina jina zuri kwa mtu wa namna hiyo. Zinamwita balozi. Balozi wa sabuni, balozi wa bando, balozi wa kubeti. Sisi tuliokulia Tanzania tuna balozi mwingine kichwani: balozi wa nyumba kumi. Tangu miaka ya 1960 chama kiliweka kiongozi kwa kila nyumba kumi, na wazee wetu walimpelekea ugomvi wa mipaka, barua ya utambulisho, taarifa ya mgeni aliyelala. Sitaki kumpamba. Balozi yule alikuwa pia jicho la chama mtaani, na kuna waliomwogopa. Lakini hakuna aliyekuwa hajui ametumwa na nani. Bendera ilikuwa mlangoni kwake. Ukienda kumweleza siri yako ulikuwa unajua inaweza kufika wapi, na akikukosea ulijua nyumba yake. Balozi wa leso na losheni hana bendera, na ukiharibikiwa na ngozi atakuambia yeye alishea tu.

Nimesema ngozi kwa makusudi, maana mikopo si peke yake. Kuna krimu za kung'arisha zinazouzwa kwa picha ya "mimi baada ya wiki mbili". Kuna dawa za kupunguza tumbo, kuna mikeka ya kubeti ya uhakika, kuna viwanja vya "karibu kabisa na Mtumba" ambavyo ukienda kuviona unapita mashamba ya zabibu mpaka yanaisha. Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Siku hizi kibaya hakijitembezi tena. Kimepanda mgongoni kwa mtu unayempenda, na unamfungulia yeye mlango.

Hoja nzito kuliko zote ni ya njaa, na siidharau. Rafiki yangu aliniambia palepale kibandani: "Wewe una mkopo wa shule na mama anatuma unga. Mimi nikiandika tangazo wiki nzima, nakula nini?" Ni kweli. Tumehitimu wengi kuliko ajira zilizopo, na kurasa hizi zimewaweka vijana mjini kwa heshima. Lakini mpiga debe naye ana njaa, na pengine yake ni kubwa zaidi, maana hana hata kivuli. Anaifanya kazi yake mchana kweupe na kila mtu akijua. Mama anayeuza ubuyu na zabibu kavu kwenye stetasi yake ya WhatsApp naye ana njaa. Anaandika "mzigo mpya umefika, karibuni wateja wangu", na hakuna anayefikiri ni habari. Njaa inaeleza kwa nini mtu anauza maneno. Haielezi kwa nini anamficha mnunuzi kwamba yanauzwa.

Wengine wanasema mastaa wamekuwa wakitangaza bidhaa tangu zamani, mbona hatukulalamika. Hatukulalamika kwa sababu tuliwaona ndani ya tangazo. Diamond Platnumz alipotoa manukato na karanga zenye jina lake mwaka 2017, hakuna aliyedhani amekutana nazo dukani akazipenda. Jina lake lilikuwa kwenye pakiti. Mtu aliyenunua alijua ananunua karanga za Diamond, na kama hazikumfaa alijua nani wa kumcheka.

Kuna jambo jingine linalonichekesha kwa uchungu. Sheria ya Fedha ya 2024 iliweka kodi ya zuio ya asilimia 5 kwenye malipo wanayopewa wazalishaji wa maudhui ya mtandaoni. Maana yake posti ile ya saa saba mchana, kwa mujibu wa sheria, ni kazi ya kulipwa. Kampuni inajua, kwa sababu ndiyo inayotakiwa kuizuia kodi. Mwenye ukurasa anajua, kwa sababu hela imepungua. Mamlaka ya Mapato inatakiwa kujua. Mtu pekee kwenye mnyororo mzima ambaye hajaambiwa ni mama mdogo, na yeye ndiye mnyororo ulimolengwa. Kama serikali inaweza kulitambua tangazo ili ilikate kodi, inaweza kulitambua ili limlinde msomaji. Sheria ya Ushindani ya 2003 tayari inakataza kumpotosha mlaji. Kinachotakiwa ni kutamka wazi kwamba kuficha malipo ni kupotosha.

Wenzetu wameshaanza. Uingereza, chombo kinachosimamia matangazo kinataka posti ya kulipwa ionekane ni tangazo kabla hujaimaliza kuisoma. Ufaransa ilitunga sheria yake Juni 2023 na kuwabana wanaotangaza mtandaoni pamoja na mawakala wao. Na kitufe chenyewe kipo mikononi mwetu: Instagram iliweka alama ya ushirikiano wa kulipiwa tangu 2017. Haihitaji leseni ya milioni wala safari ya Dar es Salaam. Ni kubonyeza tu. Katika kurasa za mji ninazozifuata mimi, sijaiona bado hata mara moja.

Kwa hiyo naomba mambo matatu. Kwanza, kila posti iliyolipiwa, kwa hela, kwa bando au kwa chakula cha bure, ianze na neno moja la Kiswahili ambalo hata mtoto wa darasa la pili analisoma: TANGAZO. Lianze mwanzoni, lisijifiche chini ya alama ishirini za reli. Pili, adhabu ianzie kwa kampuni na wakala aliyeandika yale maelekezo ya nne, kabla ya kumfikia kijana wa Makulu. Tukianza na kijana tutarudi kulekule kwa 2018, ambako mdogo alifungiwa na mkubwa akaendelea. Tatu, ukurasa unaotangaza mkopo, dawa au kiwanja usifute swali la msomaji. Mpiga debe hawezi kuufumba mdomo wa abiria; na huyu asiweze.

La nne si ombi, ni neno kwetu tunaosoma magazeti kama haya. Yale maelekezo saba hayakuandikwa na mashine wala na mzungu wa mbali. Yaliandikwa kwa Kiswahili safi cha mjini, na mtu anayejua neno "washkaji" linafanya nini moyoni mwa msomaji. Ni mmoja wetu. Ana digrii, ana dawati, huenda alikaa viti viwili nyuma yangu wakati slaidi ya ukaribu inapita. Kampuni haina ulimi, inaazima wetu. Tunaweza kukataa kuandika mstari ule wa nne. Tunaweza kuuliza chini ya kila posti, kwa adabu, "Hili ni tangazo?" na kuuliza tena wakifuta. Ni swali dogo, lakini ndilo ambalo mama mdogo angelipata kwa macho yake tu kama angekuwa stendi.

Rafiki yangu nilimwambia hayo yote, chipsi zikapoa. Hakukubali na sikutegemea akubali siku ileile. Alisema akiandika neno hilo watu watampita. Huenda ni kweli kwa wiki ya kwanza. Lakini pale Nanenane abiria wanajua kabisa kwamba anayewaita analipwa, na mabasi bado yanajaa.